Si Kila Mshari ni Mgonjwa

Iwapo tabia ya ushari, yaani tabia ya mtu kuwaandama wenzake kwa matusi, vitisho, ngumi au silaha, ihesabiwe kuwa tunda la ugonjwa wa akili, ni swali linaloulizwa mara nyingi nchini Tanzania katika miaka ya karibuni, na kila habari ya mauaji ya ndani ya familia inapotangazwa redioni hakosekani mtu wa kusema kwamba chanzo ni afya ya akili. Kauli hiyo ina nia njema, kwa kuwa imesaidia kuyatoa maradhi ya akili katika masimulizi ya uchawi na laana, lakini ikisemwa ovyo inaleta hasara mbili kwa mpigo: inampunguzia lawama aliyeamua kudhuru, na inamtwisha lawama mgonjwa ambaye hajamgusa mtu. Mkoa wa Kigoma, pamoja na mji mkongwe wa Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, unalipa swali hili uzito wa pekee, kwa sababu huko maradhi yanayovuruga ubongo, ulevi, kipato kisichotabirika na majeraha ya vita vya nchi jirani hukutana katika familia zilezile.

Wataalamu wanapotaja ugonjwa wa akili huwa na maana ya hali inayovuruga fikra, hisia au utambuzi wa mtu kwa muda na kwa kiwango cha kumzuia kuendesha maisha yake. Sonona ni huzuni nzito isiyoisha, inayomwondolea mtu hamu ya kula, ya kazi na hata ya kuishi. Skizofrenia ni ugonjwa ambao humfanya mtu asikie sauti zisizosikiwa na wengine na kushikilia imani zisizo na msingi, kwa mfano kwamba jirani anamtilia sumu kisimani. Hasira peke yake haimo katika orodha ya magonjwa, na wengi wenye sonona, badala ya kupigana, hujifungia ndani, wakanyamaza, na hatari kubwa inayowakabili ni kujidhuru wao wenyewe.

Hata hivyo ziko hali ambazo ushari ni dalili ya ugonjwa bila shaka yoyote, na wakazi wa Kigoma, mkoa ambao malaria haijawahi kuwa ugonjwa mdogo, wanazifahamu vizuri. Husemwa kwamba malaria imepanda kichwani. Mgonjwa wa namna hiyo hufikishwa hospitali, pengine akiwa amefungwa kwa kanga na ndugu zake, akipiga kelele na kurusha mateke, huku akimwita mama yake kwa jina la mtu mwingine, na dakika chache baadaye akatulia kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha akaanza upya. Hali hiyo ya kuweweseka huanza ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka, na huweza pia kuletwa na homa ya uti wa mgongo, na upungufu wa sukari katika damu, na kipindi kinachofuata kifafa, au na mlevi wa miaka mingi kuacha pombe ghafla. Ndiyo maana daktari makini, kabla ya kutamka neno lolote kuhusu akili, hupima kwanza vimelea vya malaria na sukari ya mgonjwa, kwani kumpeleka mtu wa aina hiyo kwa mganga, au kumfungia chumbani hadi atulie, ni kumpotezea uhai wake kwa jambo ambalo dawa ingeliondoa.

Jambo la kuzingatia katika mfano huo ni kwamba mgonjwa hachagui. Humpiga mama, humpiga muuguzi, huupiga hata mwimo wa mlango. Tofauti yake na ushari wa kawaida huonekana wazi mtu akitazama maisha ya mwaloni, Kibirizi au Katonga, ambako mvuvi aliyekesha ziwani akivua dagaa kwa taa hurudi alfajiri na kupewa mgawo pungufu na tajiri mwenye mtumbwi. Mvuvi huyo humeza hasira yake, humwamkia tajiri kwa shikamoo, hupita mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa adabu zote, na akifika nyumbani humpiga mkewe kwa sababu chai imechelewa. Aliyeweza kujizuia mbele ya mwenye nguvu na akashindwa mbele ya mnyonge hakushindwa na akili yake. Amepima nani atamrudishia na nani hatamrudishia, na upimaji huo wenyewe ni kazi ya akili timamu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kiwango cha namna hiyo hakiwezi kuwa kazi ya wagonjwa. Ni kazi ya desturi inayoona kipigo kuwa haki ya mwenye nyumba.

Tafiti za nje zinaafiki mwelekeo huo. Nchini Marekani, uchunguzi wa MacArthur uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 waliotoka katika hospitali za akili za miji mitatu, na katika mmoja wa miji hiyo, Pittsburgh, wagonjwa walilinganishwa na majirani wa mitaa waliyoishi. Wagonjwa wasiotumia pombe kupita kiasi wala dawa za kulevya hawakuwa washari kuliko majirani wasiotumia vitu hivyo, ilhali ulevi ulipoingia, ushari ulipanda kwa makundi yote mawili. Uchunguzi mwingine wa nchi hiyohiyo, wa mtafiti Jeffrey Swanson na wenzake, ulikadiria kwamba kama magonjwa makubwa ya akili yangetoweka, vitendo vya kutumia nguvu katika jamii vingepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Si kweli kwamba hatari haipo kabisa, kwa kuwa skizofrenia isiyotibiwa, hasa ikichanganyika na bangi au gongo, huongeza uwezekano wa mtu kushambulia. Lakini mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mpigwaji kuliko mpigaji, na yeyote aliyewahi kuona watoto wakimrushia mawe mtu anayezungumza peke yake sokoni hahitaji takwimu ya kumthibitishia hilo.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa onyo jingine, ambalo kwa bahati mbaya limesahaulika. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi hadi mwaka 1950, aliombwa na serikali ya kikoloni ya Kenya kueleza vita vya Mau Mau, na mwaka 1954 maandishi yake yalichapishwa na mpiga chapa wa serikali. Alieleza uasi huo kwa kutazama nafsi za Wakikuyu, akizungumzia watu waliovurugwa na mabadiliko ya haraka, huku suala la mashamba yaliyoporwa likisogezwa pembeni. Hivyo lugha ya tiba ilitumika kumnyamazisha mwenye madai, na hatari hiyo haijakwisha, kwa maana ni rahisi hata leo kumwita mlalamikaji mkali mgonjwa kuliko kusikiliza analolalamikia.

Upande wa pili wa jambo hilo umeonekana Kigoma kwenyewe. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea katika Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa kwa usalama wao katika shule ya Kabanga wilayani Kasulu. Wengi waliposikia habari za viungo vilivyokatwa walisema ni vitendo vya wendawazimu, lakini viungo hivyo vilikuwa na wanunuzi, na palikuwa na waganga waliovitaka, na watu waliopanga usiku wa kuvamia nyumba. Biashara ya namna hiyo haiendeshwi na mtu aliyerukwa na akili, na kuiita wazimu ni kuwaficha wanunuzi.

Mahali ambapo uhusiano wa akili na ushari ni wa kweli na wa kuhuzunisha zaidi ni katika kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kunusurika kifo au kushuhudia wengine wakiuawa. Kigoma imepokea watu wengi wa namna hiyo: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya milima na ziwa, wakakumbwa na kipindupindu kabla ya meli ya MV Liemba kuwavusha kwa zamu hadi Kigoma mjini. Mwili wa mtu mwenye kiwewe hukaa macho hata hatari ikiisha: hashiki usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, na hukasirika upesi kwa jambo dogo. Hata hivyo walio wengi kati ya wenye kiwewe hawampigi mtu. Aidha, Thomas Elbert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, waliowahoji wapiganaji wa zamani nchini Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, walibaini aina mbili za ushari: ule wa kujihami, unaotokana na hofu, na ule wa raha, ambao mpiganaji huufundishwa vitani hadi akaupenda, na katika baadhi ya tafiti hizo waliozoea kuufurahia ukatili walikuwa na dalili chache za kiwewe.

Sheria ya Tanzania inalishughulikia suala hili kwa tahadhari ambayo mazungumzo ya mitaani huikosa. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitike vinginevyo, na kifungu cha 13 kinamwondolea lawama yule tu ambaye, wakati wa kitendo, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asijue kwamba hapaswi kukifanya, au asiweze kujizuia. Kuwa na cheti cha hospitali pekee hakutoshi. Mshtakiwa anayedaiwa kuwa katika hali hiyo hupelekwa katika taasisi ya Isanga, Dodoma, akachunguzwe na wataalamu, na mahakama ikiridhika kwamba alikuwa mgonjwa, haimwachii arudi nyumbani bali huamuru awekwe chini ya uangalizi. Ulevi wa kujitakia, kwa kawaida, si utetezi.

Ushahidi wa kwamba ushari mwingi si ugonjwa, ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku, unatoka shuleni. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wa Tanzania walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa. Mtafiti Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa baadhi ya shule za sekondari za umma mafunzo ya takriban wiki moja, wakawafundisha namna ya kuongoza darasa bila fimbo na kuwakumbusha walivyojisikia wao wenyewe walipochapwa utotoni, kisha wakalinganisha shule hizo na nyingine zisizopata mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba kipigo kilipungua, kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi pia. Hakuna mwalimu aliyepewa dawa wala aliyelazwa.