Programu ya tsort na Mpangilio wa Viambishi vya Kitenzi

Mwanafunzi wa mofolojia katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, sawa na mwenzake wa kwingineko, hufundishwa kuwa viambishi vya kitenzi cha Kiswahili hufuatana kwa utaratibu maalumu. Makala haya yanaonyesha jinsi dai hilo linavyoweza kupimwa kwa tarakilishi.

Tsort ilitokea katika toleo la saba la mfumo wa Unix mnamo 1979, na leo imo katika Linux. Awali ilipanga mafaili ya programu kulingana na yalivyotegemeana. Hupokea jozi za maneno, la kwanza likitakiwa kulitangulia la pili. Jozi hizo huunda grafu elekezi, yaani nukta zilizounganishwa kwa mishale. Programu hutoa orodha moja ambamo hakuna mshale unaorudi nyuma.

Tuchukue aliyesoma na alimwona. Kwenye mstari wa amri tunaandika:

echo nafsi njeo njeo rejeshi rejeshi mzizi njeo yambwa yambwa mzizi | tsort

Matokeo huanza kwa nafsi na njeo, yakaishia kwa mzizi. Baina ya rejeshi na yambwa, hata hivyo, programu hujichagulia tu, maana hatukuipa ushahidi. Asiyelijua hili ataidhania orodha hiyo kuwa kanuni ya sarufi! Sharti tuongeze jozi ya rejeshi na yambwa, itokanayo na aliyemwona.

Ukanushi nao huleta mzunguko: katika hawasomi hutangulia nafsi, katika asisome huifuata. Tiba ni nyepesi, kwani ha- na -si- ni mofimu mbili zinazostahili majina mawili.

Kizungumkuti kiko kwenye mnyambuliko. Someshana huanza na utendeshi kisha utendano. Patanisha na kutanisha hugeuza. Tsort hutoa ilani, hutaja wahusika wa mzunguko, kisha huchapisha orodha kwa kupuuza mshale mmoja. Orodha hiyo isiaminiwe. Mnamo 2003 Larry Hyman alipendekeza kiolezo cha lugha za Kibantu: kutendesha, kutendea, kutendana, kutendwa. Someshana inakitii. Kutanisha inafuata maana: watu hukutana, na yupo anayewafanya wakutane.

Wapo watakaosema kuwa patana na kutana zimeganda kuwa mashina yasiyogawika. Hoja hiyo ina uzito kwa patana, ambayo maana yake imeachana na pata. Kwa kutana naiona dhaifu, kwa kuwa uhusiano wake na kuta ungali wazi. Hivyo mshale kutoka utendano kwenda utendeshi haufutiki.