Kubaini Chanzo cha Utendaji Hafifu wa Kadi ya Grafiki katika Michezo ya Kompyuta: Mazingira ya Nduguti, Wilaya ya Mkalama

Mkazi wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, anapohitaji kadi ya grafiki mara nyingi hulazimika kuiagiza kutoka mbali: Singida mjini, Arusha, au Kariakoo jijini Dar es Salaam. Kadi husafirishwa kwa basi, nayo aghalabu huwa imekwisha kutumika. Ikifungwa na mchezo ukaendelea kukwamakwama, uamuzi unaofuata una gharama. Kuirudisha kunahitaji nauli ya kifurushi na muuzaji aliye tayari kusikiliza. Kuiuza kwa hasara na kununua nyingine kunaweza kurudisha tatizo lilelile, kwa kuwa katika hali nyingi kasoro haimo ndani ya kadi yenyewe. Makala haya yanafafanua namna ya kutambua chanzo kabla fedha nyingine haijatumika.

Mchezo wa kompyuta huonyeshwa kwa mfululizo wa picha tuli ziitwazo fremu. Ili fremu 60 zipatikane kwa sekunde moja, kila fremu haina budi kukamilika ndani ya milisekunde 16.7. Katika muda huo prosesa hukokotoa mienendo ya wahusika na vitu, kisha hukabidhi maelekezo kwa kadi ya grafiki, ambayo huchora. Kasi ya mwisho huamuliwa na yule aliye mzito zaidi kati ya wawili hao. Mwenendo huu unafanana na ule wa mashine ya kukamua alizeti: mashine haiwezi kutoa mafuta kwa kasi inayozidi ile ya mbegu zinazomiminwa ndani yake, hata iwe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi ni iwapo kadi inashindwa kuchora, au inasubiri kazi.

Jaribio linalojibu swali hilo halina gharama. Mchezo huendeshwa kwanza kwa ukubwa wa picha wa 1920×1080, yaani nukta 2,073,600 kwa kila fremu, kisha 1280×720, yaani nukta 921,600. Mzigo wa kuchora hupungua kwa zaidi ya nusu, ilhali kazi ya prosesa hubaki takribani ileile. Idadi ya fremu ikipanda sana, kikwazo kilikuwa katika uchoraji. Ikibaki palepale, kadi ilikuwa ikisubiri, na kununua kadi kubwa zaidi hakutasaidia. Kabla ya kukubali matokeo hayo ni lazima kuhakikisha kuwa hakuna mpangilio unaozuia fremu kwa makusudi, kama vile ule unaozifungamanisha na kasi ya skrini. Ajabu ni kwamba jaribio jepesi kama hili hurukwa mara nyingi, na badala yake fundi huanza kwa kufuta na kupakia upya Windows.

Yapo makosa yanayogunduliwa kwa macho tu. Waya wa skrini ukichomekwa kwenye tundu la ubao mama badala ya tundu la kadi, mchezo unaweza kuchorwa na grafiki dogo lililomo ndani ya prosesa, huku kadi iliyonunuliwa ikikaa bure. Kosa jingine ni kutumia kipande kimoja cha RAM pale ambapo viwili vingewezekana: kipande kimoja cha DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na viwili vilivyopangwa katika nafasi zinazostahili hupitisha 38.4.

Kompyuta za ofisi zilizotumika, ambazo ndizo nafuu kwa mnunuzi, huhitaji uangalifu wa pekee. Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, iliyotoka mwaka 2012, ina pawa saplai ya wati 240, na haikukusudiwa kubeba kadi zinazodai waya wa ziada wa umeme. Nafasi ya PCIe hutoa hadi wati 75, na kadi inayozidi kiasi hicho haiwezi kutegemewa humo. Aidha, ubao mama wenye nafasi mbili ndefu zinazofanana huweza kuwa na njia 16 katika moja na njia 4 tu katika nyingine. Umri wa ubao nao una athari. AMD Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, hutumia njia 4 pekee. Katika ubao wa PCIe 4.0 hupata takribani gigabaiti 7.9 kwa sekunde, lakini katika ubao wa PCIe 3.0 hupata 3.9 tu. Kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 ikijaa, data hulazimika kupita katika njia hiyo nyembamba na mchezo hushtukashtuka. Hapo kadi ni nzima na kompyuta ni nzima, ila haviendani.

Suala la joto na vumbi lina uzito zaidi katika uwanda wa kati wa Tanzania. Kiangazi huanza takribani Mei na kuendelea hadi Novemba, na katika miezi hiyo vumbi laini huingia katika kila tundu la kompyuta. Vumbi likijaa kati ya mapezi ya bamba la kupoozea, hewa ya feni haipiti. Kadi haizimiki papo hapo, bali hupunguza kasi ili kujilinda. Kwa kadi nyingi za NVIDIA za kizazi cha GTX 10, kiwango lengwa ni nyuzijoto 83 za Selsiasi. Dalili yake ni ya pekee: mchezo huanza vizuri, kisha baada ya dakika kumi au kumi na tano fremu hupungua. Tatizo la prosesa dhaifu au njia nyembamba halihitaji kusubiri hivyo. Programu ya GPU-Z, isiyolipiwa, huonyesha joto, kasi ya chipu na, kwa kadi za NVIDIA, sababu ya kasi kuzuiwa. Kipimo cha matumizi pekee hupotosha, kwa maana kadi iliyopunguza kasi kwa sababu ya joto bado huonyesha asilimia 99. Usafi hufanywa kwa brashi laini na hewa huku feni ikishikiliwa isizunguke. Krimu ya kupitisha joto iliyokauka hubadilishwa baadaye, iwapo usafi haukutosha.

Umeme ndio hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hulaumiwa isivyo haki. Mota kubwa inapowashwa katika laini moja na nyumba za jirani, volti hushuka chini ya 230 zilizokusudiwa. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani hufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, na ikishindwa, kompyuta huzimika au hujiwasha upya. Haiwapi wachezaji fremu chache. Hivyo stabilaiza ni kinga njema ya kifaa, lakini si tiba ya mchezo mzito. Kwa kompyuta mpakato hali ni tofauti: umeme ukikatika na mashine ikabaki kwenye betri, nguvu inayoruhusiwa kwa kadi hupunguzwa sana.

Lipo pia suala la kadi isiyokuwa ile iliyotajwa kwenye boksi. Wakati mwingine mtengenezaji mwenyewe ndiye chanzo cha mkanganyiko. NVIDIA GT 1030 ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Toleo la DDR4 lililofuata mwaka 2018, kwa jina lilelile, hupitisha 16.8. Baya zaidi ni bidhaa bandia: chipu za zamani kama ile ya GTS 450 ya mwaka 2010, yenye viini 192, zimeuzwa zikijitambulisha kwa kompyuta kuwa GTX 1050 Ti, ambayo ina viini 768. GPU-Z imekuwa ikizitambua kadi bandia za namna hiyo tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018. Hata bila programu, tundu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa GTX 1050 Ti ni jambo la kutiliwa shaka, kwa kuwa chipu halisi ya kizazi hicho haitoi mawimbi ya VGA. Kadi zilizochimba sarafu ya Ethereum, uchimbaji uliokoma Septemba 15, 2022, ni jambo jingine: hizo ni halisi, na kasoro yake ya kawaida ni feni na krimu zilizochoka.

Mnunuzi anayetaka kurudisha kadi anahitaji ushahidi unaoweza kusomwa na mtu aliye mbali. Picha ya skrini ya GPU-Z ipigwe kadi ikiwa kazini, kwa kuwa ikiwa imetulia hushusha kasi ya njia ya PCIe ili kuokoa umeme na kuonekana mbovu hali si mbovu. Iambatane na idadi ya fremu katika vipimo viwili vya picha, pamoja na matokeo ya kadi hiyohiyo ndani ya kompyuta nyingine, hata kama kompyuta hiyo itaazimwa kwa jioni moja.