Homa Imekwisha, Nguvu Hazijarudi

Mkulima, huenda umeugua homa ya virusi, kama vile Korona iliyoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, au chikungunya iliyoenea Mombasa mwishoni mwa 2017. Homa imekwisha, lakini ukilima kidogo tu mwili unalegea. Huo si uvivu, wala hukurogwa. Ni uchovu ulioachwa na maradhi, nao waweza kukaa miezi mingi.

Usijaribu kuushinda kwa jembe. Watu wengine wakijikaza leo, kesho au kesho kutwa huzidiwa. Ikiwa ndivyo ulivyo, punguza kazi. Pumzika kabla hujachoka. Pukuchua mahindi ukiwa umeketi, na kazi nzito uwaachie wengine nyumbani. Usiongeze kazi mpaka zipite siku kadhaa bila kuzidiwa.

Kukandwa hutuliza maumivu ya misuli, lakini hakurudishi nguvu. Tena mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe kamwe. Huenda damu imeganda ndani, na donge hilo laweza kwenda mapafuni na kuua. Nenda hospitali mara moja. Fanya vivyo hivyo ukiumwa na kifua au ukikosa pumzi.

Uchovu ukizidi majuma manne, nenda ukapimwe, maana upungufu wa damu, kifua kikuu na kisukari pia huchosha. Kisha uliza kama yupo mtaalamu wa tiba ya viungo. Atakufundisha kupumua vizuri, kunyosha viungo na kupima kazi yako.

Mvua haimngoji mtu, lakini heri kupanda robo eka utakayoweza kuipalilia, kuliko kupanda eka nzima kisha ukalala kitandani.