Tusizihesabu Siku za Corona

Wapwani wenzangu mnaoishi bara mtanielewa. Nakaa Ruiru, kazi yangu iko Thika, na mamangu yuko Kilifi. Machi 26, 2021 Kaunti ya Kiambu ilifungwa tena, na sikujua ningemwona lini.

Mwaka uliotangulia nilifanya kosa ambalo sitaki nawe ulifanye. Aprili 6, 2020, tulikatazwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi kwa siku 21. Kwa upande wetu mpaka ulikuwa daraja la Mto Chania, Thika. Nikazitia alama kwenye kalenda, nikawa nazihesabu. Aprili 25 zikaongezwa 21. Mei 16, nyingine 21. Juni 6, siku 30. Njia zilipofunguliwa Julai 7, nilikuwa nimekonda. Usingizi ulipotea, na simu ikilia usiku nilidhani ni habari ya msiba.

Sababu ni hii. Mwili ukihisi hatari hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo huenda mbio, misuli hukaza. Hatari ikipita, hutulia. Lakini janga lisilojulikana litaisha lini haliupi mwili nafasi ya kupoa, na kila tarehe inayopita bure huanzisha hofu upya.

Safari hiyo sikuhesabu. Kila asubuhi nilijiuliza: leo lipi liko mikononi mwangu? Kuvaa barakoa kwenye matatu, kunawa mikono, kumpigia mama simu alasiri. Takwimu za Wizara ya Afya nilizisikiliza mara moja tu jioni, kisha nikazima redio. Wasiwasi uliponijia usiku niliuandika kwenye daftari niutazame asubuhi. Mara nyingi kulipokucha niliuona mdogo. Moyo ulipoenda mbio nilivuta pumzi polepole, na kuitoa polepole zaidi.

Hofu haikuisha, ila nililala. Mama naye aliacha kuniuliza nitakuja lini. Akawa ananiuliza nimekula nini, nami namweleza.

Lakini ikiwa wiki mbili zimepita hulali, huli, kazi imekushinda, au unawaza kujidhuru, usingoje. Mwambie mtu wako wa karibu, nenda hospitali ukaonane na daktari. Si wazimu, wala si aibu. Ni ugonjwa kama mwingine, nao unatibika.