Nani Atamwandika Saada?

 Magharibi mwa kisiwa cha Pate kuna magofu ya mji wa Pate, ambako masimulizi yanamweka Fumo Liyongo: mwana wa mfalme, malenga na bingwa wa mishale, aliyegombana na nduguye Mringwari juu ya kiti cha enzi.

Wataalamu wangali wanabishana aliishi karne gani, lakini kusimuliwa hakujakoma. Edward Steere alichapa hadithi yake mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, malenga na mchongaji, akaitungia utenzi, ambao Abdilatif Abdalla aliuhariri ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Bitugi Matundura amewaandikia vijana Mkasa wa Shujaa Liyongo, na Emmanuel Mbogo akamleta jukwaani katika tamthilia ya Fumo Liongo.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Liyongo akiwa gerezani. Kila mama yake akimpelekea chakula kizuri, walinzi wanakila wao. Liyongo anatunga shairi la mafumbo na kumpa Saada, kijakazi, amfikishie mama. Mama analifumbua: anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku wa ngoma ya gungu, kishindo cha matoazi kinafunika sauti ya tupa ikikereza pingu.

Ujanja wote huo unapita mikononi mwa Saada. Ndiye anayebeba shairi, ndiye anayebeba mkate, ndiye anayesimama mbele ya walinzi huku siri imo kapuni. Mashairi ya zamani yanamtaja kama mjumbe tu, kisha yanamwacha.

Waingereza walikuwa na pengo kama hilo. Kitabu cha Thomas Malory juu ya Mfalme Arthur na mashujaa wake kilichapwa mwaka 1485. T. H. White aliisimulia upya hadithi hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1958, akakaa sana na utoto wa Arthur. Mwaka 1983 Marion Zimmer Bradley akaigeuza: katika The Mists of Avalon, ufalme uleule unaonekana kwa macho ya wanawake. Mfalme ni yuleyule na vita ni vilevile, ila msomaji anaambiwa mambo ambayo mashujaa hawakuyaona.

Liyongo anastahili riwaya ya namna hiyo. Kijakazi anamsaidiaje mwana wa mfalme atoke kifungoni, ilhali yeye mwenyewe hana uhuru? Na mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa binti wa mfalme, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, alilala vipi usiku ule? Utenzi unasema alichotenda. Mwandishi wa leo ana nafasi ya kutuingiza moyoni mwake, na kwa lahaja za kisiwani, Kipate na Kitikuu, wahusika hao wangezungumza kama wenyeji wa Pate.