Butembo-Beni: Divai gani na sombe? Onja kwanza muchuzi, kisha angalia chupa

Jumapili saa saba ya muchana, mu nyumba nyingi za Butembo sahani ni zile zile: bugali, sombe yenye mawese, maharagi, na kama mwezi ulianza vizuri, kuku ao nyama ya mbuzi. Kile ambacho kimebadilika ni chupa inayosimama katikati ya meza. Zamani divai ilikuwa kitu cha Misa, cha ndoa na cha wageni wakubwa. Leo inauzwa kwenye alimantasio ya mutaa, kando ya mafuta na sabuni, na familia ya mwalimu ao ya muuguzi inaweza kununua moja wakati mutoto anapata diplome.

Moja tu, na ndiyo maana inafaa kuichagua vizuri. Wengi wetu tunachagua kwa macho: etiketi ya dhahabu, chupa nzito, jina la Kifaransa. Kisha tunaifungua mbele ya makayabu yenye chumvi kali, kila mutu anakunja uso, na tunasema divai ni mbaya. Mara nyingi divai haina kosa. Tuliiweka tu na chakula ambacho haipatane nacho.

Tukumbuke kwanza chupa hiyo imetoka wapi. Chukua mufano wa Four Cousins, divai tamu ya kampuni Van Loveren kutoka bonde la Robertson, Afrika ya Kusini, ambayo watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanaijua. Divai kama hiyo ikipita njia ya kawaida ya biashara yetu, inashukishwa Mombasa, inapanda lori hadi Kampala, inafika Mpondwe, inavuka mupaka Kasindi, inapanda Beni, kisha inamaliza kilometa 54 hadi Butembo. Kila kituo kina karatasi yake na malipo yake. Kwenye barabara ya Kasindi-Beni, ambako waasi wa ADF walichoma magari na kuua wasafiri, kulikuwa miezi ambapo magari yalitembea tu kwa msafara, wanajeshi wakiyasindikiza. Mufanyabiashara anayengoja siku tatu kwenye parking hatauza kwa bei ya Kampala. Kwa hiyo ile tunayoita “divai ya bei ndogo” kwetu tayari imelipa njia ndefu.

Na chakula sasa. Kosa la kwanza ni kuuliza divai gani inapatana na bugali. Bugali haisemi kitu. Ikuwe ya muhogo ao ya mahindi, inabeba tu ladha ya kile tunachokichovya. Uliza muchuzi.

Sombe yenye mawese na karanga ni chakula kizito. Mafuta yanapaka ulimi wote. Hapo divai nyekundu kavu ya kawaida inafanya kazi nzuri, kwa sababu ya ule ukali unaokausha kinywa, sawa vile chai iliyokaa sana mu birika. Ukali ule unakata mafuta, mafuta nayo yanaulainisha. Lakini jihazari na pilipili. Mukitia pilipili nyingi kwenye sombe, divai kavu yenye nguvu itaongeza moto, kwa sababu pombe na pilipili vinasukumana. Siku hiyo afadhali ile tamu. Kuna watu wanaojiona wajuzi na wanacheka divai tamu, wanasema ni ya watoto. Mimi niliacha kucheka tangu nilipoikunywa na mbuzi wa kuchoma, pilipili ya Beni pembeni: sukari ilizima moto na nyama ikabaki na ladha yake.

Samaki inataka kitu kingine. Tilapia mubichi ya Kyavinyonge, iliyokaangwa na kutiwa ndimu, inapenda divai nyeupe yenye uchachu, iliyopoa vizuri. Ukiweka nyekundu kali hapo, kinywani kunatokea ladha ya chuma, kama vile umelamba musumari. Makayabu ni hivyo hivyo, lakini ilowekwe usiku muzima na maji yabadilishwe, kwani chumvi ikibaki nyingi hakuna divai itakayosimama mbele yake. Kuku wa kienyeji katika nyanya na kitunguu anakubali karibu yote, nyeupe ao nyekundu nyepesi. Ni chakula cha kuanzia kwa mutu ambaye hajawahi kujaribu. Maharagi yaliyopikwa na nyama ya ng'ombe, nyekundu. Fromaji ya Masisi pia, nyekundu, lakini hapo ninaandika kwa hamu tu: tangu M23 ilipochukua Kanyabayonga mu mwezi wa sita 2024, kisha Goma mu mwezi wa kwanza 2025, barabara ya kusini haikubaki ile tuliyoijua, na kipande cha fromaji kimekuwa zawadi.

Kuna faida moja ambayo Butembo inayo na haijisifu nayo. Muji uko karibu meta 1 800 juu ya bahari, na baridi yake inatosha: divai nyekundu ikikaa chini ya kitanda, mbali na jua, iko tayari kunywewa bila frigo. Beni ni chini na ni joto zaidi. Huko funga chupa na kitambaa chenye maji, uiweke mahali upepo unapita, saa moja mbele ya chakula. Nyeupe, ikiwa umeme hakuna, itie mu ndoo ya maji ya chemchemi.

Jua ndilo adui. Mwaka uliopita nilinunua chupa mu duka moja ambalo sitalitaja, kwa sababu bei ilikuwa chini kuliko kwa jirani. Sikuangalia kwamba ilikuwa imesimama mbele, kwenye kioo, ikiangaliana na jua la asubuhi, labda tangu miezi. Nyumbani kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na ndani kulikuwa harufu ya matunda yaliyopikwa na kusahauliwa. Franka zangu zilikwenda kwenye muchuzi wa nyama, maana divai iliyoharibika kidogo bado inaweza kulainisha nyama ngumu. Tangu siku hiyo ninaomba muuzaji anipe chupa ya nyuma, ile ya kivuli, na ninaangalia kizibo na etiketi mbele ya kulipa. Chupa iliyofunguliwa, irudishie kizibo na uimalize ndani ya siku tatu ao ine. Ile ya karatoni yenye mufuko na robine inavumilia majuma kazaa, kwa sababu hewa haiingii. Kwa familia inayokunywa glasi moja moja, ndiyo hesabu nzuri.

Juma lililofuata, baba mukubwa alitoka Maboya, kati ya Butembo na Beni, na bido ya njano mukononi. Kasiksi. Nilimumiminia kwanza divai nyekundu kavu, akaonja na sombe, akanyamaza, kisha akauliza:

“Mutoto wangu, hii umeilipa ngapi?”

Nilipomuambia, akafungua bido yake.

Niliona haya kidogo, kwa sababu kasiksi ile ilipatana na sombe kuliko chupa yangu. Ina uchachu, ina povu dogo linalosafisha mafuta, na utamu kidogo wa ndizi unaotuliza pilipili. Mambo yote matatu ambayo nilikuwa ninayatafuta kutoka Robertson yalikuwa mu bido. Namna ya kuitengeneza inajulikana: ndizi za pombe zinavundikwa mu shimo hadi ziive, zinamenywa, zinakamuliwa na majani mu mutumbwi wa mbao, maji yanaongezwa, inachujwa, unga wa mutama uliokaangwa unatiwa, na inaachwa ichachuke. Kasoro yake ni kwamba haingoji. Baada ya siku chache inageuka siki, kwa hiyo haiwezi kusafiri mbali sawa vile divai.

Na ndizi zenyewe ziko taabuni. Ule ugonjwa wa kukausha migomba, ambao katika inchi yetu ulionekana kwanza Masisi mu 2001, ulifika pia Beni na Lubero. Majani yanalegea na kuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, panga linaubeba kutoka mugomba hadi mugomba. Wanaagronomu wanafundisha kuvunja ua la chini kwa fimbo yenye panda, bila kutumia panga, kukata shina lenye kuugua, na kupitisha kila chuma kwenye moto ao mu Jik. Ni kazi rahisi kwa mutu anayelala karibu na shamba lake. Lakini usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 mwezi wa kumi 2022, washambuliaji waliingia Maboya, wakaua watu, kati yao mutawa aliyekuwa daktari, na kuchoma hospitali. Wakaaji wengi walikimbia. Shamba ambalo mwenyewe anaogopa kulitembelea, hakuna wa kulivunjia maua.

Nyumba nyingi hapa, za Waadventiste na Waprotestanti wengine, haziweki pombe mezani, na kanuni ya muchuzi inafanya kazi kwao pia: juisi ya marakuja ya Lubero, bila sukari nyingi, ina uchachu ule ule kwa samaki. Kwa wanaokunywa, angalieni asilimia kwenye etiketi. Divai nyingi ni kati ya 11 na 14, na glasi ya divai si glasi ya bia.

Baba mukubwa alirudi Maboya siku ya pili na bido tupu. Aliniomba chupa ile ya divai pia, nayo tupu, kwa kutia mafuta ya mawese.