Maradhi ya Mishipa ya Watoto na Haja ya Matabibu Wetu

Si nyingi nyumba za wilaya ya Bunda zisizoujua ugali wa udaga. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu wa pande hizo, na vijana hasa, habari iliyotukia mwaka 1985 ng'ambo ya Mto Mara, katika wilaya ya Tarime.

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Muhogo mchungu ndio uliosalimika mashambani, na kwa kuwa njaa haingoji, siku za kuuvundika na kuuanika zikapunguzwa. Kisha watoto, na akina mama pamoja nao, wakaanza kupooza. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kusimama ila kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, miguu yote miwili imekaza kama kamba iliyovutwa. Homa hana, na akili yake timamu.

Jambo kama hili likitokea kwetu, nani hutajwa kwanza? Ni jini, au jirani mwenye kijicho. Hatusemi kwamba kijicho hakipo; twasema tu kwamba safari hii mshitakiwa alikuwa jikoni.

Waliomgundua ni wataalamu. William Howlett, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenziwe Brubaker, Mlingi na Hans Rosling, waliwachunguza wagonjwa hao na kuyachapisha waliyoyaona mwaka 1990. Mguu wa polio hulegea na kukonda, na mara nyingi huwa mmoja. Miguu hii ilikakamaa, yote miwili sawasawa. Bingwa akigonga goti kwa kinyundo chake kidogo hujua kwamba madhara yako katika njia za fahamu zitokazo ubongoni, wala si katika misuli. Asiyefunzwa huona kiwete tu.

Maradhi haya huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Yalielezwa huko tangu mwaka 1938. Msumbiji, mwaka 1981, yaliwapata watu zaidi ya 1,000. Sababu yake ni sumu ya sayanidi iliyomo katika muhogo mchungu usiotayarishwa vema, ikiingia katika mwili uliokosa samaki, nyama, maziwa au kunde. Mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa, lakini dawa ya kuirudisha miguu kama ilivyokuwa haijapatikana.

Basi elimu hii ni ya nani? Wanazuoni wetu wameihesabu tiba kuwa fardhi ya kifaya: isipokuwepo, mji mzima una dhambi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika kwamba watu wa zama zake waliisongamania fiqhi na kuiacha tiba kwa wasio Waislamu. Twaona haya kusema kwamba lalamiko lile halijachakaa.

Njia yenyewe ni ndefu. Miaka 5 ya chuo cha udaktari, mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, miaka 3 ya ubingwa wa watoto, ambao hufundishwa Muhimbili, Moshi na hapo Bugando, Mwanza, karibu na Bunda. Kisha miaka 2 hivi ya mishipa ya fahamu ya watoto peke yake. Madaktari wa Kiafrika wamekuwa wakipelekwa Cape Town, katika hospitali ya watoto ya Red Cross, wakajifunze fani hiyo na kurejea makwao. Walio nayo Tanzania ni wachache mno. Mzazi amtoaye binti yake shuleni baada ya kidato cha nne, ilhali anaziweza hesabu na elimu ya viumbe, na azihesabu tena hizo posa alizozipokea.

Na mpaka vijana hao warudi, mama ana la kufanya leo. Udaga uachwe ukamilishe siku zake, hata mwaka wa njaa. Unga ukishasagwa, uchanganywe na maji, utandazwe mkekani kwa unene usiozidi sentimeta 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iliyobaki itoke na hewa. Kisha upikwe siku ile ile. Na sahanini pasikosekane dagaa wa ziwani. Mtoto akianza kukaza miguu au kuchechemea ghafula, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aelezwe bila haya nyumba ile imekula nini majuma yaliyopita.